Frantz Fanon: kijana aliyeacha masomo ya meno akawa daktari wa akili wa waliotawaliwa

Matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka, nyumba nyingi za Butembo na Beni huwa na mkutano wa jamaa. Mtoto amepata diploma. Baba anataka sheria, mjomba atakayelipa anataka udaktari au biashara, mama anataka chuo cha karibu kwa sababu barabara haiaminiki. Katika mikutano hiyo hutokea pia kijana anayetaja saikolojia, au psikolojia kama wengi wanavyoitamka hapa. Mara nyingi huyo ni kijana aliyekwisha anza mwaka wa kwanza mahali pengine, pesa zimekwisha lipwa, na sasa anataka kubadili.

Kwa jamaa nyingi, kubadili masomo ni aibu na ni hasara. Lakini mmoja wa madaktari wa akili waliosomwa zaidi barani Afrika alianza kwa kuacha. Jina lake ni Frantz Fanon. Alifika Paris mwaka 1946 kusomea udaktari wa meno, na baada ya wiki chache tu akafunga mzigo wake na kuondoka.

Aliishi miaka 36, na katika miaka hiyo alifika hadi Léopoldville na kukutana na Patrice Lumumba. Wengi wanamfahamu kama mwandishi wa mapinduzi. Wachache wanakumbuka kwamba kazi yake ya kila siku, karibu hadi mwisho, ilikuwa kuwahudumia wagonjwa wa akili.

Mtoto wa kisiwani

Fanon alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 huko Fort-de-France, mji mkuu wa Martinique, kisiwa kilichokuwa koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibi. Watu wengi wa hapo ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali kwenye forodha, mama yake alikuwa na duka. Hawakuwa matajiri, lakini watoto wao walisoma, na hilo kisiwani lilikuwa jambo kubwa.

Alisoma katika shule ya Schoelcher, ambako mshairi Aimé Césaire alikuwa mwalimu. Vita Kuu ya Pili ikamtoa darasani. Akiwa na miaka 17 alivuka kwa siri hadi kisiwa jirani cha Dominica ili ajiunge na Wafaransa waliompinga Hitler. Mwaka 1944 alipanda meli na kikosi cha wanajeshi weusi, wakapelekwa Moroko, kisha Aljeria, kisha kusini mwa Ufaransa. Mwishoni mwa mwaka huo alijeruhiwa vitani mashariki mwa Ufaransa na akapewa nishani ya Msalaba wa Vita.

Karatasi ya nishani hiyo ilitiwa sahihi na kanali Raoul Salan. Miaka kumi na kitu baadaye, Salan huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Ufaransa Aljeria, na Fanon alikuwa upande wa wale aliokuwa akipigana nao.

Vita vilimfundisha jambo ambalo shule haikumfundisha. Nyumbani aliambiwa kwamba yeye ni Mfaransa kama Wafaransa wengine. Jeshini aliona wanajeshi wakipangwa kwa rangi: Wazungu juu, watu wa visiwani katikati, Waafrika na Waarabu chini. Alikwenda kukomboa nchi ambayo, ilipokombolewa, wanawake wake hawakutaka hata kucheza dansi na wanajeshi weusi waliokuja kuwapigania. Alirudi Martinique mwaka 1945 akamaliza masomo ya sekondari, huku akisaidia kampeni ya Césaire aliyekuwa akigombea ubunge.

Kubadili njia

Kwa kuwa alikuwa amepigana, serikali ya Ufaransa ilimpa nafasi ya kusoma chuo kikuu bila kulipa. Alichagua meno, kazi yenye heshima, mshahara wa uhakika na miaka ya masomo isiyozidi kiasi. Mzazi yeyote wa Butembo angemwelewa.

Paris haikumkalia vizuri. Ndugu na rafiki zake walisimulia baadaye kwamba hakuona faida ya masomo yale wala ya watu aliokaa nao darasani, na kwamba alichoka haraka na kikundi cha wanafunzi wenzake wa kutoka visiwani waliokaa pamoja siku zote. Alipanda treni akaenda Lyon, mji wa viwanda ambako watu weusi walihesabika kwa vidole, akaanza upya. Alilazimika kufanya kwanza mwaka wa maandalizi wa fizikia, kemia na biolojia, kisha ndipo akaingia kitivo cha udaktari. Mwaka 1947 baba yake alifariki, na pesa za nyumbani zikapungua zaidi.

Kubadili huko kulimgharimu mwaka. Inafaa kulisema wazi, kwa sababu wanaosimulia maisha ya watu wakubwa hupenda kuonyesha kana kwamba kila hatua ilikuwa imepangwa. Fanon hakuwa na mpango. Alijua tu kwamba pale alipokuwa hapakuwa pake.

Hata ndani ya udaktari hakutulia. Alikwenda kusikiliza masomo ya kitivo kingine, ya mwanafalsafa Maurice Merleau-Ponty, aliyefundisha jinsi mtu anavyoujua ulimwengu kupitia mwili wake. Aliandika michezo ya kuigiza. Alisoma Freud, Hegel na Sartre usiku. Mwanafunzi wa aina hii leo angeitwa mtu asiyejua anachotaka. Vipande hivyo vyote vilikutana katika udaktari wa magonjwa ya akili, kwa sababu huko ndiko swali lake lilikuwa na mahali: kwa nini mtu mweusi aliyefaulu shule zote za Mzungu anabaki akijiona pungufu?

Hapa kuna tofauti ambayo wazazi na wanafunzi wengi huichanganya. Fanon hakusomea saikolojia peke yake. Alikuwa daktari kwanza, kisha akajifunza magonjwa ya akili. Mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kuandika dawa. Mwanasaikolojia hapiti katika kitivo cha udaktari: anasomea tabia, fikra na hisia za watu, na chombo chake kikuu ni mazungumzo na vipimo. Kwa Kongo, katika mfumo wa zamani, masomo hayo yalikuwa miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisansi. Kwa kizazi cha wazazi wa leo, saikolojia ilimaanisha Kisangani, kwa sababu mageuzi ya mwaka 1971 yaliyounganisha vyuo vikuu vyote kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire yaliweka kitivo cha saikolojia na elimu huko. Kijana wa Kinande aliyetaka fani hiyo alipaswa kuvuka msitu mzima. Butembo yenyewe ilipata Chuo Kikuu Katoliki cha Graben mwaka 1989, kwa juhudi za Askofu Emmanuel Kataliko, na tangu hapo swali la kwenda mbali au kubaki karibu limekuwa swali la kweli.

Tasnifu iliyokataliwa

Mwishoni mwa masomo Fanon alitaka kumaliza kwa tasnifu juu ya mtu mweusi na ugonjwa wa kujidharau unaoletwa na ubaguzi. Aliimlia maneno huku akitembea chumbani, na Josie Dublé, msichana wa Lyon aliyekuja kuwa mke wake, akiyapiga kwa mashine. Profesa wake, Jean Dechaume, aliikataa. Dechaume aliamini kwamba chanzo cha ugonjwa wa akili ni ubongo na mishipa. Mambo ya rangi na ukoloni hayakuwa na nafasi katika kitivo chake.

Fanon hakuligeuza jambo hilo kuwa vita. Aliiweka kando ile kazi, akaandika haraka tasnifu nyingine ya kawaida juu ya ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu na matatizo ya akili yanayoambatana nao, akaitetea tarehe 29 Novemba 1951 na kupata udaktari wake. Ile iliyokataliwa ilichapishwa Paris mwaka uliofuata kama kitabu, Peau noire, masques blancs. Tasnifu iliyokubaliwa leo husomwa na wataalamu wachache. Iliyokataliwa inasomwa vyuoni dunia nzima.

Hata hivyo, kijana anayesoma habari hizi asikimbilie kuidharau tasnifu ile ya kawaida. Bila karatasi hiyo, Fanon asingeajiriwa katika hospitali yoyote. Na ndani yake tayari kuna swali lililomfuata maisha yote: ugonjwa wa mishipa unaishia wapi, na mateso ya mtu anayeishi kati ya watu yanaanzia wapi?

Mwalimu wake wa kweli alikuja baadaye kidogo. Mwaka 1952 alikwenda Saint-Alban, hospitali ya milimani kusini mwa Ufaransa, kufanya kazi chini ya François Tosquelles, daktari Mkatalani aliyekimbia utawala wa Franco nchini Uhispania. Tosquelles alifundisha kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa mgonjwa. Kama wagonjwa wamefungiwa, wauguzi wanatoa amri tu na hakuna anayezungumza na mwenzake, hakuna dawa itakayofaa. Basi Saint-Alban wagonjwa walikuwa na mikutano, gazeti lao, karakana na sherehe. Fanon alikaa hapo kama miezi 15, na mwaka 1953 akafaulu mtihani mkubwa uliomruhusu kuongoza idara katika hospitali yoyote ya akili ya Ufaransa na makoloni yake.

Blida: alipogundua kwamba alichosoma hakitoshi

Novemba 1953 alipewa kazi katika hospitali ya akili ya Blida-Joinville, kusini mwa jiji la Algiers. Alipewa wodi za wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu. Kutengana huko kwa wodi kwa asili na dini kulikuwa jambo la kawaida pale.

Wakubwa wa udaktari wa akili Aljeria wakati ule walifuata mafundisho ya Antoine Porot, profesa wa Algiers. Walifundisha kwamba Mwarabu wa huko ni mwongo kwa asili, mkali kwa asili, na kwamba sehemu za juu za ubongo wake hazifanyi kazi kama za Mzungu. Yalikuwa mafundisho ya chuo kikuu, yenye mitihani na vyeti. Upande wetu wa Afrika hali haikuwa tofauti. Huko Nairobi, daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa kijitabu chake juu ya Mau Mau, ambamo uasi wa Wakikuyu uliofanywa kwa ajili ya ardhi na uhuru ulielezwa kama tatizo la akili. Fanon aliwataja wote wawili, Porot na Carothers, katika kitabu chake cha mwisho, na hakuwahurumia.

Hii ndiyo saikolojia ambayo mwanafunzi Mwafrika wa miaka ile angefundishwa. Ni vizuri ijulikane kwa yeyote anayetaka kuisomea leo.

Fanon alianza Blida kwa kufanya kama Saint-Alban. Pamoja na Jacques Azoulay, daktari kijana aliyekuwa akiandika tasnifu yake, alianzisha mikutano ya wodi, gazeti la hospitali, sinema, kwaya, kazi za kufuma na kushona, sherehe ya Noeli. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yalibadilika ndani ya wiki chache. Wodi zikatulia, watu wakaanza kuongea, waliokuwa wamefungwa wakafunguliwa.

Kwa wanaume Waislamu, hakuna kilichofanyika. Walikuja mkutanoni kwa sababu wameitwa, wakakaa kimya. Hawakuandika gazetini, wengi hawakujua kusoma. Kufuma vikapu kwao ilikuwa kazi ya wanawake. Michezo ya kwaya iliwachosha. Miezi ikapita, na wauguzi, waliokuwa na uzoefu mrefu wa pale, wakamtazama daktari mpya kwa macho ya watu waliojua toka mwanzo kwamba atashindwa.

Wengi wangehitimisha kama Porot: watu hawa ndivyo walivyo. Fanon na Azoulay walihitimisha kinyume, na wakaandika hivyo katika makala ya mwaka 1954. Waliokosea walikuwa madaktari. Walichukua maisha ya kijiji cha Ufaransa wakayapeleka kwa mtu wa milima ya Aljeria, kisha wakamlaumu kwa kutoyataka. Hawakujua familia ya pale inaongozwaje, mtu huheshimiwa kwa nini, anacheka juu ya nini, anaamini ugonjwa unatoka wapi. Na hawakujua lugha. Fanon aliongea na wagonjwa wake kupitia mkalimani, na alitambua kwamba mkalimani, kwa Mwaljeria wa wakati ule, alimkumbusha polisi na mahakama.

Basi wakaanza upya. Walifungua ndani ya hospitali mkahawa wa Kiarabu, wenye mikeka na meza fupi, ambako wanaume walikunywa kahawa na kucheza domino. Waliita mtoa hadithi. Sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa, na imamu akaja kuswalisha. Badala ya kufuma, wagonjwa walipewa majembe na bustani, kwa kuwa wengi walikuwa wakulima. Wakatengeneza uwanja wa mpira kwa mikono yao wenyewe. Fanon pia alizunguka vijijini pamoja na wauguzi Waaljeria, akiuliza watu wanawatunza vipi wagonjwa wa akili, wanawapeleka kwa mganga gani, na majini yana nafasi gani katika maelezo yao. Alijaribu kujifunza Kiarabu, lakini hakukifikia kiwango cha kuongea na mgonjwa bila msaada. Upungufu huo ulibaki hadi mwisho.

Asifanywe mtakatifu. Aliendelea kutumia mishtuko ya umeme na tiba ya insulini kama madaktari wenzake wa wakati ule, na watu waliofanya kazi naye walisema alikuwa mkali kwa wauguzi wavivu.

Kwa nini watu humkataa daktari

Tarehe 1 Novemba 1954 vita vya uhuru vilianza Aljeria. Muda si mrefu, wodi za Blida zilianza kupokea watu wa aina mpya: waliopigwa na kuteswa na polisi, wanaume ambao wake zao walibakwa na askari, watoto walioona wazazi wakiuawa. Na kwa mlango ule ule waliingia pia polisi wa Kifaransa waliokuwa wakitesa watu mchana na usiku hawapati usingizi. Mmoja wao alianza kuwapiga mke na watoto wake nyumbani, akaja kuomba dawa itakayomwezesha kuendelea na kazi yake bila kusumbuka. Fanon aliwapokea wote. Visa hivyo aliviandika katika sura ya tano ya kitabu chake cha mwisho, na msomaji wa Oicha, Mbau au Eringeti atavifahamu bila kuelezwa: mtu anayeshtuka akisikia kelele, anayekataa kula, anayeona aibu kwamba yeye yu hai na wenzake wamekufa.

Mwaka 1959 alitoa kitabu kingine, juu ya mwaka wa tano wa mapinduzi ya Aljeria. Sura moja inahusu udaktari chini ya ukoloni. Anaeleza kwa nini Mwaljeria alimwogopa daktari wa Kifaransa, alichelewa kufika hospitali, alimeza dawa zote kwa siku moja au kuzitupa. Maelezo yake ni kwamba mgonjwa hakuweza kumtenganisha daktari na askari, kwa kuwa wote walikuja na gari moja na serikali moja. Kukataa sindano ilikuwa njia ya kukataa utawala. Wapiganaji walipoanza kuwa na zahanati zao, zenye madaktari na wauguzi waliotoka kwa wananchi, watu wale wale walichemsha maji, wakachanja watoto na kufuata dawa kwa saa.

Butembo na Beni zina kumbukumbu mpya ya jambo hili. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na ilipotangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Katikati ya janga hilo, uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, na wananchi wengi wakaona ugonjwa umegeuzwa kuwa siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili mwaka huo, daktari Richard Mouzoko, raia wa Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Magari makubwa, walinzi wenye silaha, wageni wengi wenye pesa, katika eneo ambalo watu walikuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014 bila msaada wa kiasi hicho kufika: wakazi waliuliza kwa nini dunia imeona Ebola tu. Mauaji ya mganga hayana utetezi. Lakini aliyesoma sura ile ya Fanon asingeita yale yote ujinga wa wanakijiji. Kazi ilianza kwenda vizuri zaidi pale vijana wa mitaa yenyewe, wanaoongea Kinande na Kiswahili, walipoketi na familia kueleza na kusikiliza. Wengine kati yao ndio sasa wanaotaka kusomea saikolojia.

Kujiuzulu

Kufikia mwisho wa 1956 Fanon aliona kwamba kazi yake imekuwa kichekesho. Alikuwa akimtibu mtu ili amrudishe katika hali iliyomwumiza. Tayari alikuwa akiwasaidia wapiganaji wa FLN kwa siri, kwa dawa na mahali pa kujificha. Alimwandikia Robert Lacoste, waziri mkazi wa Ufaransa Aljeria, barua ya kujiuzulu. Jibu lilikuwa kufukuzwa nchini, Januari 1957.

Kwa mara ya pili aliacha njia yenye mshahara wa uhakika, safari hii akiwa na mke na mtoto mdogo wa kiume. Alihamia Tunis, akafanya kazi kwanza katika hospitali ya akili ya Manouba, kisha akafungua katika hospitali ya Charles-Nicolle kituo cha mchana cha magonjwa ya akili. Mgonjwa alikuja asubuhi, akatibiwa, na jioni akarudi kulala kwake. Wazo lilikuwa kwamba mtu hapaswi kung'olewa kutoka kwa familia, kazi na mtaa wake ili aitwe mgonjwa. Kwa Afrika lilikuwa jambo jipya. Huku akiandika katika gazeti la FLN, El Moudjahid, aliendelea kupokea wakimbizi wa Aljeria kwenye mpaka.

Lumumba na mwisho wa safari

Desemba 1958 Fanon alikuwa Accra katika mkutano mkubwa wa watu wa Afrika ulioitishwa na Kwame Nkrumah. Hapo alikutana na Lumumba, aliyekuwa amesafiri nje kama kiongozi wa chama kipya cha MNC. Mwaka 1960 Fanon alirudi Accra kama mwakilishi wa serikali ya muda ya Aljeria, na Agosti mwaka huo akaja Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa mkutano wa nchi za Afrika ulioandaliwa na serikali ya Lumumba, iliyokuwa na miezi miwili tu ya umri. Katanga ilikuwa imekwisha jitenga. Siku chache baada ya wajumbe kuondoka, Rais Kasa-Vubu alitangaza kumfukuza kazi Lumumba.

Mwezi Desemba madaktari wa Tunis walimkuta Fanon na saratani ya damu. Alipelekwa Moscow kwa matibabu mwanzoni mwa 1961, na ni katika majira hayo Lumumba aliuawa, tarehe 17 Januari. Mwezi uliofuata Fanon aliandika makala juu ya kifo hicho. Hakuishia kwa Wabelgiji. Alizilaumu nchi za Afrika zilizotuma askari wao Kongo chini ya amri ya Umoja wa Mataifa badala ya kumsaidia Lumumba moja kwa moja, na akamlaumu Lumumba mwenyewe kwa kuuamini Umoja huo. Inafaa kusomwa na kila mkazi wa Beni aliyewahi kubishana juu ya kofia za buluu.

Kutoka Moscow alirudi Tunis akijua hana muda. Katika miezi michache ya 1961 aliimla kitabu kizima, Les Damnés de la terre. Kati ya sura za siasa, zinazotabiri jinsi wakubwa wapya wa Afrika watakavyokaa katika viti vya wakoloni, aliweka ile sura ya wagonjwa wake.

Oktoba 1961 alikubali kupelekwa Marekani, nchi ambayo hakuipenda, kulazwa katika hospitali ya taasisi za afya za taifa huko Bethesda, karibu na Washington. Aliandikishwa kwa jina la Ibrahim Fanon. Nakala za kitabu zilimfikia kitandani. Alifariki tarehe 6 Desemba 1961. Huko Ufaransa, polisi walikuwa wakikamata kitabu hicho madukani.

Mwili wake ulirudishwa Tunis kwa ndege. Wapiganaji wakaubeba na kuvuka nao mpaka, wakamzika katika ardhi ya Aljeria kama alivyoomba, wakati vita vikiendelea bado. Uhuru ulikuja Julai 1962. Hospitali ya Blida, ambako wanaume 220 walikaa kimya mbele ya daktari wao hadi alipokubali kujifunza upya, leo inaitwa kwa jina lake.